Kazi Yangu ni Kuanguka

Jumatatu, 3 Machi. Leo ni siku ya hamsini tangu niondoke nyumbani.

Nimeanguka mara arobaini na mbili. Sihitaji kuambiwa idadi, nyonga yangu ya kushoto ndiyo karani. Jioni mke wangu amepiga simu akauliza leo nimefanya kazi gani, nikamwambia ukweli.

"Yaani wanakulipa uanguke?"

"Ndiyo."

"Baba watoto, mbona hapa nyumbani ulikuwa unaanguka bure?"

Nimesikia watoto wakivunjika mbavu nyuma yake.

Ngoja niandike vizuri, maana hata mimi nikisoma baadaye nitajishangaa. Nilikuja hapa na kikosi cha ujenzi, kuchanganya zege na kubeba matofali. Ujenzi ulipoisha mwanzoni mwa Februari wenzangu waliondoka, ila mimi na mwenzangu mmoja mrefu, tunamwita Twiga, tuliombwa tubaki. Aliyetuomba ni Injinia, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, anayetembea kama mtu aliyesahau chungu jikoni.

Kazi yake, nilivyoielewa, ni hii. Katika kila pembe ya chumba kuna kisanduku cha kurusha mawimbi, kama vile vya intaneti, kikubwa kama kipande cha sabuni. Visanduku vinarushiana mawimbi mchana kutwa. Mtu akiwa katikati, mawimbi yanamgonga na kufika upande wa pili yakiwa yamebadilika. Kompyuta iliyo chumba cha jirani inayapima, kisha inasema mtu huyo anatembea, amesimama, ameketi, amelala au ameanguka. Kamera hakuna, kwa sababu nani anataka kamera chumbani kwake? Vitafungwa katika nyumba ya kutunza wazee, vyumba thelathini, ili mzee akianguka muuguzi ajue papo hapo.

Lakini kompyuta ni mwanafunzi. Lazima ionyeshwe mtu akianguka mara nyingi mpaka izoee. Mtu huyo ni mimi, au Twiga.

Injinia hawezi kuwa chumbani pamoja nasi. Mwili wa pili ukiingia, mawimbi yanauhesabu nao. Kwa hiyo mlango unafungwa, na amri zinatoka kwenye spika ukutani kwa sauti yake aliyoirekodi. Nimeshazikariri kama sala: Tembea. Simama. Kaa. Keti. Kaa. Lala. Kaa. Anguka. Kaa. Halafu unaanza upya.

Ijumaa ya tarehe 9 Mei wakaguzi wanakuja. Kompyuta ikipatia chini ya mara tisini na tano katika mia, mradi unafungwa na hakuna mzee atakayefungiwa kisanduku chochote.

Jumatano, 5 Machi

Twiga ameanguka, mimi nimepaka rangi korido.

Alhamisi, 6 Machi

Twiga ananiuliza mbona naichukulia kazi hii kwa uzito namna hii, kwake yeye ni mchezo wa watoto unaolipwa. Jibu nitaliandika hapa.

Mwaka jana mama yangu alianguka. Alikuwa anatandika kitanda asubuhi, baada ya mke wangu kwenda shambani na watoto kwenda shule. Akateleza, akaingia katikati ya kitanda na ukuta, mguu ukamkataa. Aliita mpaka sauti ikakauka. Alilala pale kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa mchana, na binti yangu ndiye aliyemkuta alipotoka shule. Mama alimwambia, "Niletee maji, na usimwambie baba yako, ataacha kazi aje." Alikuwa amejikojolea na hilo ndilo lililomuumiza kuliko mguu.

Kwa muda wa saa saba mtu mzima yuko sakafuni kwake mwenyewe. Basi mimi nikisikia spika inasema anguka, naanguka kweli. Sijiachii polepole kama Twiga anayejilaza kama ananusa maua.

Jumatatu, 10 Machi

Twiga ameanguka. Injinia ameandika kwenye ubao wa koridoni: 88. Kuanzia leo kila jioni ataandika alama ya siku. Hasalimii, hatabasamu, anaandika na kuondoka. Nadhani ana majivuno.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimefanya jambo, na nitaliandika lote.

Kwa siku nne kompyuta ilikuwa inasema kuna mtu chumbani wakati chumba kitupu. Injinia alibadilisha visanduku viwili na kufungua vingine vyote kwa bisibisi. Bado, mtu yupo. Twiga akaanza kusema chumba kina pepo na akakataa kuingia peke yake, urefu wote ule.

Saa tano niliingia kufagia. Nilikuwa nimevua viatu. Nikahisi ubaridi kwenye vifundo vya miguu, ukija na kuondoka, ukija na kuondoka. Nikapiga magoti, nikaweka kiganja chini ya mlango. Upepo. Sisi ndio tuliofunga mlango ule, na tuliacha upenyo wa vidole viwili kwa sababu msimamizi alikuwa na haraka. Upepo unapita chini ya mlango na kulitikisa pazia la dirishani, na pazia lile lina fimbo ya chuma kwenye pindo ili linyooke. Fimbo inapumua ndani, inapumua nje. Kama mtu aliyelala.

Nilikwenda nikamwambia Injinia. Aliinuka, akaja, akapiga magoti pembeni yangu na suruali yake safi, akaweka kiganja chini ya mlango.

"Fundi," akasema, "hii nimeitafuta siku nne."

"Uliitafuta ukiwa umevaa viatu."

Akacheka. Sikujua kwamba ana meno ya mbele yaliyoachana. Niliziba upenyo kwa ubao na kuing'oa fimbo, Twiga akaingia kuanguka, na jioni ubaoni Injinia ameandika 93. Pepo ametoka bila mganga. Nimetembea kifua mbele mpaka kitandani.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua imeanza, kama mtu aliyefungua bomba akasahau kulifunga. Mifereji ya paa imejaa majani, na mwenye mikono ya kuifikia bila ngazi ndefu ni Twiga. Kwa hiyo Twiga yuko nje, mimi nimeanguka. Ubaoni: 74.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Nimeanguka. 72.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Nimeanguka. 73. Injinia ameyagusa matofali ya ukuta kwa kiganja, akasema ukuta umekunywa maji, na maji yanameza mawimbi. Naamini, ukuta wa tofali unakunywa kama ng'ombe.

Alhamisi, 20 Machi

Kukavu. Twiga ameanguka. 93. Amepita korido nzima akicheza.

"Kompyuta inanipenda mimi, mzee. Wewe huna mvuto."

Nimemwambia mawimbi yanamwona mara mbili kwa sababu ya urefu.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Nimebeba karatasi za nailoni na kuzigongomea ukuta wote wa nje, mikono imechanika. Mchana nimeanguka. 71.

Alhamisi, 27 Machi

Hakuna mvua, jua kali. Twiga anaumwa jino, shavu limevimba kama ameficha limau, amelala. Nimeanguka mimi. 72. Injinia anasema ukuta bado haujakauka.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua. Tumepaka dawa ya kuzuia maji, tabaka mbili. Nimeanguka. 73. Mgongo hausemi nami.

Jumatano, 2 Aprili

Asubuhi kukavu, kwa hiyo Twiga aliingia kuanguka, na mvua ikamkuta humo ndani saa tatu. Mimi ndiye niliyepanda kuzibua mfereji, juu ya ngazi na roho mkononi. 93. Twiga anasema hata mvua inamheshimu.

Ijumaa, 4 Aprili

Mkuu wa mradi huja Ijumaa, na leo amekuja. Ni mzee nadhifu asiyeketi kwenye kiti kabla hajakifuta. Ametaka kujua hasa kompyuta inakosea wapi, na Injinia alimjibu koridoni, mimi nikiwa na ndoo ya rangi mkononi.

"Siku za mvua inakosea kuanguka," alisema. "Jana fundi alianguka mara ishirini. Mara kumi na moja imesema ameketi."

"Ameketi?"

"Ameketi kitini. Salama salimini."

Niliiweka ndoo chini. Nilimwona mama yangu katikati ya kitanda na ukuta, na muuguzi mahali fulani anatazama kioo cha kompyuta kinachomwambia bibi ameketi, bibi hana shida, endelea kunywa chai yako. Ikiwa ndivyo, heri kisiwepo kitu kabisa. Muuguzi asiye na mashine huwa anakwenda kuchungulia. Huyu hatakwenda.

Mkuu alisema hawezi kuvipeleka hivyo kwa wazee, na nilimheshimu kwa hilo. Akasema ataandika barua kuomba ukaguzi usogezwe hadi kiangazi. Injinia akamwambia wakisogeza, nyumba ya wazee itavunja mkataba. "Basi tafuta dawa ya mvua," alisema Mkuu, akaenda zake.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. 72.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Injinia hajala mchana. Nimemwekea chai mlangoni, imepoa hapo hapo. Nilikosea kusema ana majivuno. Ni mtu ambaye akiwa na jambo kichwani hana nafasi ya salamu.

Ijumaa, 11 Aprili

Twiga na mimi tumegombana. Nilimwambia alama zake ni za hila, hakuna mtu anayejilaza kama bibi harusi akapata tisini na tatu. Akasema nina kijicho. Nikasema langoni alikokuwa askari kabla ya ujenzi walimfukuza kwa uvivu. Hilo la kufukuzwa nilitunga mwenyewe, na usoni kwake nikaona limemgusa. Sijui kwa nini nilisema.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeandika kwa penseli mbili, ya kwanza imekwisha.

Asubuhi Injinia alitujia mimi na Twiga tukiwa tunakunywa chai bila kusemeshana. Mkuu anataka orodha ya siku zote za mvua aiambatanishe na barua ya kuomba ukaguzi usogezwe. Injinia ana alama za kila siku lakini hakuandika hali ya hewa. Akauliza kama tunakumbuka.

Nikasema mimi nimeandika.

"Umeandika wapi?"

"Kwenye daftari langu. Msimamizi wa ujenzi alitufundisha kuandika kila siku tumefanya nini."

Alilitaka daftari. Nikasema nitamsomea, maana humu kuna mambo ya mke wangu, na mengine yanayomhusu yeye mwenyewe. Akaketi kwenye mfuko wa saruji, kalamu mkononi. Nikaanza. Tarehe 17, mvua. Tarehe 18, mvua. Tarehe 20, kukavu. Naye anatafuta alama yake na kuandika pembeni. Nilisoma bila wasiwasi mpaka nikafika tarehe 27: hakuna mvua, jua kali, Twiga anaumwa jino, nimeanguka mimi. Sabini na mbili.

Nikafunua mbele. Tarehe 2 Aprili: mvua, Twiga yuko ndani. Tisini na tatu.

Nikarudi mwanzo nikasoma tena, mara hii bila sauti. Nimeishia darasa la sita, lakini kwa safu mbili za namba huhitaji la saba. Kila penye sabini, nimeanguka mimi. Kila penye tisini, ameanguka Twiga. Mvua ilikuwa inakuja na mimi tu, kwa sababu ikinyesha Twiga yuko kwenye mifereji.

Nakiri niliwaza kulifunga daftari. Ningesema kurasa zimelowa. Barua ingeondoka, mvua ingebeba lawama, na mvua haina familia. Injinia alikuwa ananingoja kalamu ikiwa juu.

"Fundi? Tarehe 2?"

"Injinia, si mvua," nikasema. "Ni mimi."

Nilimpa daftari aone mwenyewe, kurasa zote, na ule ukurasa wa majivuno pia. Alisoma muda mrefu. Aliposimama alikuwa ameshika paji la uso.

"Unafanya nini humo ndani?" akauliza. Si kwa ukali.

"Ninachoambiwa."

"Twiga, na wewe?"

"Ninachoambiwa."

Akatutoa uani, mvua ikiwa rasharasha. Akaweka viti viwili, mikeka miwili, akasimama mbele yetu na orodha yake kama mwalimu wa mazoezi. Akasoma kwa sauti ile ile ya kwenye spika.

"Tembea." Tukatembea.

"Simama." Tukasimama.

"Kaa."

Nikaketi kitini.

Pembeni yangu hapakuwa na sauti ya kiti. Nikageuka. Twiga amesimama wima kama nguzo ya simu, mikono ubavuni, macho mbele. Ananitazama kwa pembe ya jicho.

"We, umekaa?" ananong'ona.

"Si amesema kaa?"

"Amesema kaa! Kaa hapo hapo ulipo!"

"Kukaa si ndiyo kuketi?"

"Mzee, nimekuwa langoni miaka sita. Bosi akisema kaa hapa mpaka nirudi, ukiketi umemwaga unga!"

"Na sisi kwenye ujenzi fundi akisema kaa, maana yake pumzika kidogo, keti!"

Injinia alikuwa ameziba mdomo kwa orodha. Karatasi inatetemeka. Nilidhani analia, na labda kidogo alikuwa analia.

"Endelea," akasema. "Lala."

Tukalala mikekani.

"Kaa."

Twiga akabaki kama maiti. Mimi nikainuka nikaketi.

"Anguka." Tukaanguka. "Kaa."

Twiga yuko chini. Mimi nimejikusanya, nimeshika nyonga, nimejivuta hadi kitini.

"Kwa nini umeinuka?" Injinia akaniuliza taratibu.

"Nilidhani mnataka kuona mtu akianguka kisha ajikaze, afike kwenye kiti. Ulisema kaa."

"Na nikisema keti, halafu kaa?"

"Naketi vizuri zaidi. Nilidhani ni heshima, kama unavyomkaribisha mgeni. Keti, kaa, jisikie nyumbani."

Hapo Twiga alianguka bila kuamriwa na mtu. Alijiviringisha kwenye mkeka uliolowa, anapiga ardhi kwa kiganja. Injinia akacheka mpaka akaketi, akakaa, akamaliza yote. Nami nikacheka.

Alipotulia alifikiri kwa sauti. Yeye alipoandika kaa alimaanisha abaki alivyo nusu dakika, ili mawimbi yapimwe mtu akiwa ametulia. Kila nilipoanguka kisha nikakaa, orodha iliandika: yuko sakafuni. Kompyuta ilisema: ameketi. Tukaihesabia kosa.

"Kumbe ilikuwa inasema kweli," akasema. "Ulikuwa umeketi. Ni sisi tulioisahihisha vibaya."

Na si hilo tu. Tangu Februari tumekuwa tukiifundisha kwa uongo wangu, kwamba mtu aliye kitini ameanguka, au amelala, au amesimama. Kila ninachofanya mimi kinaharibu anachojenga Twiga. Wiki nne tumepaka rangi ukuta usio na hatia.

Nimemwomba Twiga radhi kwa maneno ya langoni. Amesema, "Nilifukuzwa kweli. Nani alikwambia?" Nikamwambia hakuna, nilibahatisha. Akasema basi niache kazi hii nikawe mpiga ramli.

Ijumaa, 18 Aprili

Mkuu amekuja. Amefuta kiti, ameketi, ameelezwa. Akauliza ni nani aliyeharibu.

Injinia akasema, "Neno ni langu. Mimi ndiye niliyeliandika."

Nikasema, "Aliyeketi ni mimi."

Mkuu alitutazama kwa zamu. "Zimebaki wiki tatu. Mmoja hajui kuandika, mwingine hajui kukaa. Mtafanyaje?"

Injinia akamweleza: siku zangu zote zinafutwa, tangu Februari. Tunarekodi upya, mimi na Twiga kwa zamu, asubuhi na mchana. Mkuu akauliza amri mpya itakuwa neno gani. Injinia akasema ngoja, akanigeukia mimi.

Nikasema, "Baki hivyo hivyo."

Mkuu akalitafuna lile neno. "Nikimwambia mtu abaki hivyo hivyo, anaweza kufanya nini kingine?"

"Hana pa kutokea," nikasema.

Barua ya kusogeza ukaguzi ameichana mbele yetu.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Nimeanguka mara sitini. Nimebaki hivyo hivyo mara sitini. Hata juu ya godoro tunaloangukia, sakafu ni baridi nusu dakika nzima, zamani sikujua.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimetaka orodha yote ijaribiwe kwa watu wasioijua. Kama neno moja lilitudanganya, mengine yana dhamana gani? Injinia amekubali bila kubisha, akanipa karatasi na kuniambia hiyo ni kazi yangu sasa, niifanye ninavyoona.

Nimewaita watu wanane, mmoja mmoja: muuza chai, mlinzi wa jengo la pili, fundi bomba, mwanamke anayesafisha ofisi na wengine. Nasoma neno, naandika anachofanya. Neno lala limenipa watu watatu waliojinyoosha chali, wanne waliolala ubavu, na muuza chai aliyevua viatu, akajifunika shuka hadi kichwani. Shuka ile kompyuta haijawahi kuiona. Na wazee watajifunika, tena mablanketi mawili! Injinia ameandika haraka haraka. Kuanzia kesho tunalala chali, ubavu na ndani ya shuka.

Neno geuka, alilotaka kuliongeza Injinia, limewashinda wote. Wengine waligeuza shingo, wengine wakageuka mzima mzima, fundi bomba akarudi alikotoka. Tumelitupa.

Mlinzi ameniuliza mimi ni nani hapa. Nikasema ni mkaguzi wa maneno. Limenitoka tu, lakini sikulirudisha.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Mimi: 91. Twiga: 92.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Mimi: 94. Twiga: 94. Tumepeana mikono kama wanasiasa.

Jumatano, 7 Mei

96 na 95. Injinia amekula mchana, sahani mbili.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua imeanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na imenyesha kama imelipwa. Nilifurahi. Sikutaka mtu aseme tulipita kwa sababu ya jua.

Wakaguzi ni watatu. Wamekuja na mtu wao wa kuanguka, jambo ambalo hatukulitegemea. Ni mama mnene wa miaka hamsini na kitu, aliyestaafu uuguzi, mwenye magoti yanayolia akipanda ngazi. Twiga alinishika mkono. Kompyuta yetu inajua miili miwili tu duniani, mmoja mrefu kupita kiasi na mwingine mkavu kama ukuni. Na watu wanane, nikamkumbusha. Wale wanane Injinia aliwarekodi wote.

Yule mama alipofika mlangoni nilimwambia, "Shikamoo mama. Godoro la kuangukia liko kushoto, ni laini, nimelijaribu mwenyewe."

"Marahaba. Umelijaribu mara ngapi?"

"Mara elfu mbili na kitu."

"Maskini mwanangu," akasema, akaingia. Mlango ukafungwa.

Amri mia moja. Mkaguzi mmoja anazisoma kwa spika, mwingine anaandika, wa tatu anatazama kioo cha kompyuta. Sisi tuko koridoni. Kila baada ya muda unasikia kishindo, na sakafu inatetemeka kidogo, kisha sauti: baki hivyo hivyo. Halafu kimya cha nusu dakika, mvua tu juu ya bati. Nilikuwa nahesabu vishindo kwa vidole. Injinia alikuwa ameegemea ukuta, macho amefumba, kiganja chake kimeshika matofali kama anayempima mtoto homa. Mkuu hakufuta kiti. Aliketi tu.

Kishindo cha ishirini. Kimya. Mlango ukafunguliwa, yule mama akatoka anajipangusa, akasema hajawahi kufanya kazi ya kipuuzi namna hii na kama kuna nyingine wamwite.

Wakaguzi walikaa na karatasi zao robo saa. Aliyetoka ni yule wa tatu.

"Tisini na saba."

Twiga alichuchumaa, jambo ambalo kwake huchukua muda. Mimi niliuliza swali langu kabla ya watu wakubwa, sikuweza kujizuia.

"Hizo tatu imekosea wapi?"

Akatazama karatasi. "Mara mbili alikuwa anatembea taratibu, imesema amesimama. Mara moja alijifunika, imesema chumba kitupu."

"Na kuanguka?"

"Ameanguka mara ishirini. Ameonekana mara ishirini."

Nilikwenda dirishani kwa sababu uso wangu ulikuwa unafanya mambo yake. Injinia akanifuata, akasimama pembeni. Mvua ilikuwa inapiga ule ukuta tulioupaka tabaka mbili bure, na maji yalikuwa yanateleza juu yake vizuri sana. Kazi nzuri, hata hivyo.

Baadaye alinionyesha ripoti. Ukurasa wa nne umeandikwa jinsi kosa la neno lilivyogunduliwa, na hapo limeandikwa jina langu, la baba yangu na la babu yangu. Nimeusoma mara tatu nikiwa nimesimama. Nimejenga nyumba nyingi za watu, na hakuna hata moja iliyoandikwa jina langu.

Jumamosi, 10 Mei

Nimepiga simu nyumbani. Nilitaka kueleza mambo ya mawimbi nikajikuta naeleza mambo ya kaa na keti, na mke wangu akacheka mpaka akamwita jirani nianze upya. Kisha mama akaomba simu. Yeye hapendi simu, huongea nayo kwa ukali kama anayemkemea mbuzi.

"Nimeambiwa unaanguka vizuri kuliko wote!"

"Ndiyo, mama."

"Na mashine ikamwona yule mama?"

"Mara zote ishirini."

Nilisikia anapumua.

"Hata aliponyamaza? Asipoita?"

"Hata asipoita, mama."

"Basi hiyo ni kazi," akasema. Akampa mke wangu simu bila kuniaga.

Ufungaji wa visanduku katika nyumba ya wazee unaanza tarehe 2 Juni, vyumba thelathini. Injinia anataka niwepo kuanzia kisanduku cha kwanza, na kila chumba nianguke mimi kabla hajaingia mzee. Nimekubali, ila nimesema kwanza nirudi nyumbani nikawaone watu wangu. Jumatano, tarehe 14 Mei, napanda basi la asubuhi. Saa kumi jioni niko mlangoni, na nitakuwa nao hadi tarehe 31.